Kilemba cha Jina: Kikoa Chako Atakinunua Nani Baada ya Miaka Kumi?

Aliyewahi kutafuta fremu ya duka Kariakoo anajua maana ya kilemba. Umeipata fremu Mtaa wa Kongo, umeipenda, mwenye jengo ametaja kodi yake ya mwaka na wewe unaimudu. Lakini ndani kuna mpangaji, naye hatoki mikono mitupu. Unamlipa yeye kwanza ili akuachie nafasi. Pesa ile hainunui jengo, maana jengo si lake. Unalipia kusimama mahali watu wanapopita. Ukishaingia, kodi ya mwenye jengo inaendelea kama kawaida, na siku ukichoka nawe utamtafuta wa kukulipa kilemba.

Sijaona neno la Kiswahili linaloeleza biashara ya kuuza majina ya vikoa vizuri kuliko hilo. Jina la kikoa, lile unaloliandika kufungua tovuti, halimilikiwi na mtu kama kiwanja chenye hati. Linakodiwa mwaka hadi mwaka. Anayekuuzia ni wakala wa usajili. Nyuma yake yuko msimamizi wa herufi zinazokuja baada ya nukta ya mwisho, yaani .com, .tz, .ai na nyingine zaidi ya elfu moja. Herufi hizo nitaziita kimalizio. Msimamizi wa kimalizio ndiye mwenye jengo. Usipolipa kodi unatolewa, na jina linarudi sokoni. Kwa hiyo anayejisifu kwamba "ana" jina la dola 50,000 ana vitu viwili tu: ana kodi ya kulipa kila mwaka, na ana matumaini kwamba kuna mtu atakayempa kilemba.

Nayasema haya kwa sababu ya kijana mmoja, fundi wa tovuti pale Sinza, aliyeniletea orodha ya majina 15 aliyotaka kuyasajili, yote ya .ai. Mengi yalikuwa maneno mawili mawili ya Kiingereza yaliyounganishwa, ya shule, ya hospitali, ya mikopo, ya kilimo. "Kaka," akaniambia, "haya nikiyashika miaka mitano si nitajenga?" Nikamwomba twende polepole, kwa sababu swali lake lina majibu tofauti kutegemea kimalizio kilichoko mwishoni, na watu wengi wanaliruka hapo hapo. Wanachagua neno zuri kisha wanachukua kimalizio chochote kilicho wazi. Sokoni mambo huenda kinyume: neno lile lile likiwa na .com linaweza kuwa na bei ya nyumba, na likiwa na kimalizio kingine likakosa hata wa kuliuliza.

Tuanze na .com, kwa kuwa bei za vimalizio vingine vyote hupimwa kwa hiyo. Jina la kwanza la .com, symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985 na kampuni ya kompyuta ya Massachusetts. Miaka zaidi ya 40 baadaye majina ya .com ni zaidi ya milioni 150, na mauzo makubwa yanayotangazwa hadharani karibu yote ni ya huko. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Wengi husema sababu ni mazoea, kwamba dunia imezoea .com. Ni kweli, ila mazoea peke yake hayatoi dola milioni 30 mfukoni mwa mtu. Kinachozitoa ni kampuni iliyoanzia pembeni ikakua, kisha ikajikuta inahitaji kuingia barabara kuu.

Facebook ilianza na thefacebook.com, na mwaka 2005 ikalipa dola 200,000 ili kuondoa lile neno dogo la mbele. Mwaka 2010 ililipa dola milioni 8.5 kwa ajili ya fb.com, na walioshika kilemba hicho walikuwa shirikisho la wakulima wa Marekani, American Farm Bureau Federation, watu wa mahindi na ng'ombe ambao herufi hizo zilikuwa kifupi cha jina lao. Notion, programu ya kuandikia na kupanga kazi, ilikua ikiwa na notion.so, kimalizio cha Somalia. Februari 2021 tatizo la upande wa .so liliizima kwa saa kadhaa. Leo ukitaka kuifungua unaenda notion.com.

Hapo ndipo ilipo hoja ambayo naona inasahauliwa. Kila kimalizio kipya kinachopata umaarufu kinamtengenezea .com wateja. Kampuni ikichukua jina lake kwa .io au .ai au .co kwa sababu .com ilikuwa ghali, siku ikipata mtaji mtu wa kwanza atakayepigiwa simu ni mwenye .com ya jina hilo hilo. Chukua chat.com. Dharmesh Shah, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya programu ya HubSpot, aliinunua mwaka 2023 kwa dola milioni 15.5, na mwaka 2024 ikawa mikononi mwa OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, ikimpeleka kila anayeiandika kwenye ChatGPT. Kampuni iliyoifanya dunia nzima iimbe wimbo wa akili unde, ilipotaka jina fupi la mlangoni, ilikwenda .com.

Kinyume chake kipo, na kinafundisha zaidi. Mwaka 2010 kimalizio cha Kolombia, .co, kilifunguliwa kwa dunia nzima kikitangazwa kama mrithi wa .com. Duka la mtandaoni la Marekani, Overstock, lililipa dola 350,000 kupata o.co, likabadilisha hadi jina la kibiashara likajiita O.co. Wateja wakawa wanaandika o.com kwa mazoea na kupotea. Haikuchukua muda mrefu duka likarudi kwenye jina lake la zamani. Pesa iliyotumika kumfundisha mteja kusahau herufi moja ilikuwa nyingi kuliko faida ya ufupi. Au kumbuka .mobi, iliyoletwa na kampuni kubwa za simu kwa hoja kwamba simu za mkononi zitahitaji tovuti zake za pekee. Mwaka 2006 flowers.mobi iliuzwa kwa mnada dola 200,000. Kisha zikaja simu zinazofungua tovuti yoyote ile, na sababu ya .mobi kuwepo ikayeyuka. Jina lile lile liliuzwa tena baada ya miaka michache kwa bei isiyofika dola 10,000. Ua lilikuwa lile lile, neno lilikuwa lile lile. Kilichokufa ni mtaa.

Sasa .ai, ambayo ndiyo iliyomleta kijana wangu. Herufi hizi ni za Anguilla, kisiwa cha Karibi chenye watu kama 16,000, kilicho chini ya Uingereza. Hakuna aliyekipangia bahati hii. Kilipewa herufi mbili kama nchi na visiwa vingine vinavyopewa, na kwa kuwa AI ndicho kifupi cha Kiingereza cha akili unde, ilipotoka ChatGPT mwishoni mwa 2022 dunia ikazikimbilia. Mwaka 2023 Anguilla ilipata takriban dola milioni 32 kutokana na usajili wa majina hayo, zaidi ya asilimia 20 ya mapato yote ya serikali. Nafurahi kwa ajili yao kwa moyo mweupe. Kisiwa kinachopigwa na vimbunga kimepata chanzo cha fedha ambacho upepo hauwezi kukiezua.

Lakini furaha ya mwenye jengo si lazima iwe furaha ya mpangaji. Kusajili .ai kumekuwa kukigharimu takriban dola 140 kwa miaka miwili, na hakuna kusajili kwa mwaka mmoja. Unaanza na miwili. Piga hesabu ya kushika majina, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayowaua wengi. Watu waliofanya biashara hii miaka mingi husema kwamba katika majina 100 mazuri kiasi, mtu huuza 1 au 2 kwa mwaka. Majina 100 ya .com kwa dola 11 au 12 kila moja yanakula kama dola 1,200 kwa mwaka. Ukiuza moja dola 2,000, ukakatwa kamisheni ya soko ya asilimia 15 au 20, umebaki na ziada kidogo. Haba na haba, lakini kibaba kinajaa. Majina 100 ya .ai yanakula dola 7,000 kwa mwaka. Ukiuza moja kwa dola 2,000 zile zile, umepoteza zaidi ya dola 5,000. Ili urudishe tu kodi yako inabidi jina hilo moja liuzwe zaidi ya dola 8,000. Yapo yanayouzwa hivyo na zaidi ya hivyo, ila ni neno moja, fupi, linalotamkika, ambalo kampuni tano zingeligombania. Maneno mawili yaliyogundishwa, ambayo mtu mwingine anaweza kubuni mfano wake akiwa anasubiri daladala, hayawezi kubeba kodi hiyo.

Orodha ya kijana ilikuwa ya dola 2,100 kwa miaka miwili ya kwanza, zaidi ya shilingi milioni 5. Akishika miaka kumi ni zaidi ya dola 10,000, na mwenye jengo asiwe amepandisha hata senti.

Je, .ai itakwenda njia ya .mobi? Sidhani. Mobi ilijengwa juu ya hitaji ambalo halikutokea, na akili unde imeshaingia makazini na shuleni. Mfano ninaouona unafanana zaidi ni .tv ya Tuvalu. Herufi zile nazo zilikuwa na maana iliyotimia: video ilihamia kwenye intaneti kweli kweli. Tuvalu ilipata mkataba wa dola milioni 50, na fedha zake zikaisaidia kujiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Twitch.tv, tovuti ya kurusha video moja kwa moja, ilikua hadi Amazon ikainunua mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 970, na bado iko kwenye .tv hadi leo. Utabiri wote ulitimia. Hata hivyo aliyeshika majina ya kawaida ya .tv akingoja utajiri hakuupata, kwa sababu video ilipokuwa kitu cha kila tovuti, hakuna aliyehitaji tena herufi za kumwambia mteja kwamba ndani kuna video. Naona .ai ikielekea huko. Benki, duka, hospitali, zote zitakuwa na akili unde ndani yake, na hakuna atakayeiandika kwenye kibao cha mlangoni. Majina machache ya juu yatabaki na bei. Yale ya kati, ambayo leo yanauzwa kwa maelfu ya dola kwa kampuni changa zenye pesa za wawekezaji, yatashuka siku pesa hizo zitakapopungua.

Kuhusu mwenye jengo nataka kukaa kidogo zaidi, kwa maana thamani ya kilemba inamtegemea yeye kuliko inavyomtegemea mpangaji. Kilemba cha fremu yenye kodi ya laki tatu ni kikubwa. Kodi ikipanda hadi milioni tatu, hakuna atakayekupa kitu. Verisign inayosimamia .com imefungwa na mkataba: katika kila kipindi cha miaka sita inaruhusiwa kupandisha bei ya jumla kwa asilimia 7 katika miaka minne ya mwisho. Ndivyo bei ilivyotoka dola 7.85 ikapanda mara nne kati ya 2021 na 2024 hadi dola 10.26. Naliona ni ongezeko linaloumiza, kwa kazi ambayo gharama zake hazipandi hivyo. Ila angalau unaweza kulipigia hesabu.

Vimalizio vilivyokuja kwa wingi baada ya mwaka 2012, ICANN, shirika linaloratibu vimalizio duniani, lilipopokea maombi 1,930 kwa ada ya dola 185,000 kila moja, havina dari ya namna hiyo. Mwenye jengo akitoa notisi ya miezi sita, anapandisha atakavyo. Mwaka 2017 kampuni ya Uniregistry ilitangaza bei mpya kwa baadhi ya vimalizio vyake, vingine vikipanda mara kumi na zaidi, na GoDaddy ikaacha kuviuza. Aliyekuwa ameshika majina 50 ya kimalizio kimoja kati ya hivyo akingoja wanunuzi, aliamka na deni. Kuna jambo jingine tena. Kwenye vimalizio hivi maneno mazuri hayakuachwa wazi. Wenye majengo waliyatenga tangu mwanzo, wakayapangia bei ya pekee, mara nyingi pamoja na kodi kubwa ya kila mwaka. Kilemba wameshakichukua wao. Wewe unayekuja wa pili umeachiwa fremu za uani.

Hata majengo yanayoheshimika hutikisika. Mwaka 2019 dari ya bei ya .org, kimalizio cha asasi nyingi, iliondolewa, na miezi michache baadaye kampuni ya uwekezaji, Ethos Capital, ikataka kulinunua shirika linaloisimamia kwa dola bilioni 1.135. Asasi za kiraia duniani kote zilipiga kelele, na Aprili 2020 ICANN ikaukataa mpango huo. Tuliokuwa tunafuatilia tulipumua. Lakini .org ilibaki salama kwa sababu watu walipigana. Kimalizio ambacho hakina jeshi la watu kama hao hakina wa kukipigania.

Afrika tuna kidonda chetu hapa. Kampuni ya Freenom ya Uholanzi iligawa bure majina ya .tk ya Tokelau, na pia .ml ya Mali, .ga ya Gabon, .cf ya Afrika ya Kati na .gq ya Guinea ya Ikweta. Wezi wa mtandaoni wakayajaza. Mwaka 2023 Meta ikafungua kesi, Gabon ikachukua kimalizio chake na kufuta mamilioni ya majina, na mwaka uliofuata Freenom ikatangaza kuachana na biashara hiyo. Nchi nne za Afrika zilikabidhi herufi zao zikarudishiwa jina baya. Bei ya kuuza tena jina la .ml au .gq leo ni karibu na sifuri, na haitapanda hivi karibuni, kwa sababu mifumo ya barua pepe ilishazoea kuyatilia shaka. Ubure ulikula thamani ya mtaa mzima. Somo hilo linawahusu pia wanaovutiwa na vimalizio vya dola 1 mwaka wa kwanza: mahali ambapo kila mtu anaingia bila gharama, jirani yako wa kwanza ni tapeli.

Kisha kuna suala la jengo lenyewe kusimama. Msomaji wa Kongo analielewa kuliko wengine. Hadi Mei 1997 nchi yake iliitwa Zaire, na kimalizio chake kilikuwa .zr. Mobutu alipoanguka, jina la nchi likabadilika, ikaja .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Yugoslavia ilivunjika, na .yu ikazimwa Machi 2010. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, takriban majina 80,000 ya .eu yaliyoshikwa na Waingereza yalisimamishwa siku moja, tarehe 1 Januari 2021. Kimalizio cha herufi mbili ni mali ya siasa. Kinaishi kadiri ramani inavyoishi.

Ndiyo maana .io inanisumbua. Herufi zile ni za eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, yaani visiwa vya Chagos, ambako wenyeji wapatao 2,000 waliondolewa kwa nguvu miaka ya 1960 na 1970 ili kupisha kambi ya kijeshi ya Diego Garcia, wakatupwa Mauritius na Shelisheli. Kampuni za teknolojia zilizipenda kwa sababu zinafanana na alama za wahandisi za kuingiza na kutoa data. Wachagosi hawakunufaika. Oktoba 2024 Uingereza na Mauritius zilitangaza makubaliano ya kurudisha mamlaka ya visiwa hivyo, na mkataba ukasainiwa tarehe 22 Mei 2025. Eneo hilo likifutwa na herufi IO zikaondolewa kwenye orodha ya kimataifa ya nchi, utaratibu unasema kimalizio kinastaafishwa ndani ya miaka mitano, na muda unaweza kuongezwa hadi kumi. Inawezekana utafutwe upenyo, kama .su ya Umoja wa Kisovyeti inavyoendelea kuishi zaidi ya miaka 30 baada ya dola yake kufa. Lakini mnunuzi mwenye pesa nyingi hulipia utulivu, na shaka peke yake inatosha kumfanya apunguze bei. Ninalo jina moja la .io nililolichukua mwaka 2017, na nakiri lilikuwa linanipa raha kulisoma.

Nyumbani je? Swali hili naulizwa kila mara: .co.tz na .co.ke vitakuwa na bei lini?

Jibu langu ni kwamba vina thamani kubwa ya kutumia na thamani ndogo ya kuuza tena, na vitu hivyo viwili havina budi kutenganishwa. Duka la Mwanza linalouza vipuri kwa watu wa Mwanza linafanya vizuri kuwa na .co.tz. Kodi ni nafuu, mwenye jengo yuko hapa hapa, na mteja anajua anashughulika na mtu wa hapa. Kuuza tena ni jambo jingine, kwa sababu kilemba hutoka kwa wapiganaji wawili wanaotaka fremu moja, na kwetu bado wapiganaji hao hawapo wa kutosha. Biashara nyingi changa zinaanzia Instagram na namba ya WhatsApp, zinapokea malipo kwa Lipa Namba au M-Pesa, na zinakua hadi ukubwa wa kuheshimika bila kumiliki tovuti. Ile inayohitaji tovuti, ikikuta jina lake limechukuliwa, inaongeza neno "tanzania" au "shop" mwishoni na kuendelea. Hailipi milioni tano kumtoa mtu.

Pia mwenye jengo anaweza kuongeza ghorofa. Kenya ilifungua majina mafupi ya .ke moja kwa moja mwaka 2017, baada ya miaka ya kutumia co.ke, or.ke na ndugu zake. Lilikuwa jambo zuri kwa nchi. Lakini aliyekuwa ameshika neno zuri la .co.ke kama akiba aliona ghafla neno hilo hilo likiwa na nafasi nyingine, fupi zaidi, ubavuni mwake. Uingereza ilipofanya hivyo mwaka 2014 iliwapa wenye majina ya awali haki ya kulichukua jipya kwa miaka mitano kwanza, na naona huo ndio uungwana ambao kila msimamizi anayefungua mlango mpya anapaswa kuufuata.

Kuna njia nyingine ambayo bei ya .tz ingeweza kupandishwa, ambayo siitaki. Desemba 2016, waendeshaji wa JamiiForums waliposhtakiwa, moja ya mashtaka lilikuwa kuendesha kikoa kisichosajiliwa kwa .tz. Sheria inaweza kumlazimisha mtu kuja kwenye jengo lako, na siku hiyo fremu zitagombaniwa. Ila mtu aliyeletwa kwa rungu anaondoka rungu likishushwa, na mitaa yenye bei ya kudumu ni ile ambayo watu wameifuata kwa miguu yao. Ningependa .tz ipendwe kwa sababu kuhamisha jina kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine ni kwepesi, migogoro inaamuliwa haraka, na mauzo yanatangazwa ili watu wajue bei. Soko lisilo na kumbukumbu ya bei haliwezi kumshawishi mtu kwamba alichoshika kina thamani.

Kuhusu .africa nitasema machache. Ilichelewa miaka mingi kwa mvutano wa nani aisimamie, kati ya ZACR ya Afrika Kusini, iliyoungwa mkono na Kamisheni ya Umoja wa Afrika, na DotConnectAfrica. Ikafunguliwa kwa wote Julai 2017. Naipenda kwa moyo. Lakini mfanyabiashara wa Arusha anajitambulisha kwa Tanzania yake, na kampuni inayotaka bara zima mara nyingi inataka pia wawekezaji wa nje, ambao wanauliza .com. Mwenye .africa hana mnunuzi wa kawaida anayemjua kwa sura.

Kwa anayesoma haya akiwa na pesa kidogo na Kiswahili kingi, mimi ningeelekea kwenye maneno ya Kiswahili yenye .com. Maneno ya neno moja yalishachukuliwa zamani. Lakini michanganyiko ya maneno mawili inayotamkika na mtu asiyejua Kiswahili bado ipo, na lugha yetu ina silabi zilizo wazi zinazofanya jina likae kirahisi mdomoni mwa Mjapani na Mbrazili vile vile. Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya mwaka 2008 katika machafuko ya baada ya uchaguzi, limebeba neno la Kiswahili hadi nchi nyingi bila kulitafsiri. Ukikosa mnunuzi, kodi yake ni dola 11 au 12 kwa mwaka, na unaweza kulitumia mwenyewe. Usiguse jina la kampuni iliyopo: tangu 1999 kuna utaratibu wa kimataifa wa kumpokonya anayeshika alama ya biashara ya mwingine kwa nia mbaya, na atakayepoteza hapo ni wewe.

Kijana wa Sinza nilimwomba afanye jambo moja. Kwa kila jina kati ya yale 15, aandike majina ya kampuni tatu zilizopo leo ambazo zingeumia zikilikosa. Alikaa na karatasi karibu saa nzima. Majina 13 hayakupata hata kampuni moja, akayakata mwenyewe kwa kalamu. Yaliyobaki mawili alikuta .com zake zinauzwa na watu kwa bei asiyoifikia, jambo lililompa moyo kidogo, akalisajili moja tu, la neno moja la Kiswahili.

Wakati anaondoka akaniuliza la kwangu la .io nimelifanyaje. Lilikuwa linaisha muda mwezi ule ule. Zamani nilikuwa nalilipia miaka mitatu mitatu. Safari hii nimelipia mmoja.